Faulo ya Tano ya Mlezi wa Taifa

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalisema hili mapema ili wenye kazi ya kutafuta wasijisumbue. Haina mto wala mlima utakaoutambua, na hata jina haina. Ina bendera tu, na Mlezi. Msomaji akiona kitu kinafanana na cha kwao, hilo ni tatizo la kwao, na huko ndiko likaulizwe. Mimi naeleza nilichokiona nikiwa nimekaa mezani.

Meza yenyewe ni ya mpira wa kikapu. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mwandishi wa mezani katika Ukumbi wa Utulivu, naitwa Bwana Makwega, na kazi yangu ilikuwa hii: mwamuzi akipuliza filimbi na kunyoosha vidole, naandika namba ya mchezaji na aina ya faulo aliyoicheza. Sitoi maoni. Mchezaji akifikisha faulo tano nainua kibao chenye namba tano, na mchezaji huyo anatoka uwanjani, awe nani, awe mtoto wa nani. Kitabu kilisema hivyo. Wakati ule kilikuwa kitabu chembamba.

Mlezi wa Taifa aliingia kwenye mchezo wetu akiwa na miaka sitini na saba. Daktari wake, ambaye alikuwa mgeni na hakujua mambo ya huku, alimwambia atoke jasho. Mlezi akajaribu kwanza mpira wa miguu, akaona watu ishirini na mmoja ni wengi mno kuwafuatilia wote kwa macho. Kwenye kikapu wamebaki tisa. Wiki hiyohiyo ikaundwa timu ya Ngao ya Taifa, akapewa jezi namba moja, na msimu wa kwanza akafunga wastani wa pointi sabini na nne kwa mchezo. Wapinzani wake walimpisha. Wengine walimpisha huku wakimpigia makofi. Beki mmoja aliwahi kusahau mikono yake hewani, Mlezi akagongana nayo. Beki huyo sasa yuko ng'ambo, na familia yake inasema hawajui hasa ni ng'ambo ipi.

Faulo Mlezi hakuwa nazo. Kusukuma alisukuma, kukanyaga alikanyaga, na kuna kijana aliyeng'atwa naye bega, lakini waamuzi wetu walikuwa wamepatwa na maradhi ya shingo yaliyowafanya wageuke upande mmoja tu. Hivyo misimu mitatu ikapita kwa amani.

*

Shida ilianzia nje, ambako shida zetu zote huanzia. Mlezi alitaka jina lake liingizwe kwenye orodha ya wafungaji bora wa bara zima. Shirikisho la bara likajibu kwa barua ya mistari minne: fainali ichezeshwe na mwamuzi mwenye beji ya kimataifa, la sivyo pointi hizo hazitatambuliwa.

Beji ya kimataifa nchini ilikuwa moja. Ilishonwa kwenye fulana ya Sikudhani Mbonde, mwalimu wa hisabati katika sekondari ya wasichana, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na minne mwenye sauti ndogo na mgongo ulionyooka. Alikuwa na tabia moja mbaya, ambayo baadaye ilitajwa katika ripoti zote: alikuwa anaangalia.

Waziri wa Michezo, Dokta Pangu, alimwita siku tatu kabla ya fainali akampa chai na nasaha. "Mwalimu," alimwambia, "mechi hii ni ya taifa zima. Tunakuomba ucheze nafasi yako."

"Mwamuzi hachezi, Mheshimiwa Waziri," Sikudhani alijibu.

Dokta Pangu alicheka sana, akidhani ni utani, akamsindikiza mpaka mlangoni.

*

Fainali iliwakutanisha Ngao ya Taifa na Wauguzi, timu ya hospitali kuu, vijana waliojifunza mbio kwenye korido za wodi. Watazamaji elfu tisa walikuja kwa hiari yao kwa malori ya jeshi. Mwangalizi wa shirikisho, mzee wa kigeni mwenye miwani, aliketishwa mbali kidogo na uwanja na karibu sana na chakula.

Dakika ya pili, Mlezi alimsukuma mtu kwa mikono miwili. Filimbi ikalia.

Sikujua kuwa watu elfu tisa wanaweza kunyamaza kwa pamoja namna ile. Nilisikia feni za darini. Sikudhani alikuja mezani kwangu, akanyoosha kidole kimoja, kisha akasukuma hewa kwa viganja.

"Namba moja. Kusukuma. Faulo ya kawaida."

"Namba moja wa timu gani, Mwalimu?" nilimuuliza, nikimpa upenyo.

"Ngao."

"Pengine ni kumi na moja? Jezi hizi zikilowa jasho..."

"Andika, Bwana Makwega."

Nikaandika. Ile moja ikatoka kama saba, na nikatumaini labda itasaidia.

Ya pili ilikuwa ya kushambulia: Mlezi alikimbia na mpira moja kwa moja hadi kwenye kifua cha muuguzi aliyekuwa amesimama tuli, miguu miwili chini. Wasemaji wa redio walieleza kuwa muuguzi ndiye aliyekuwa anasimama kwa kasi. Ya tatu ilikuwa ya kuvuta jezi, na hapo Mlezi alitabasamu kwa wapiga picha, akampungia Sikudhani mkono kama mtu anayemwona mtoto wa jirani akicheza na vyombo. Wakati wa mapumziko alikunywa maji ya madafu na hakusema neno. Waliomzunguka ndio waliosema.

Robo ya tatu, zikiwa zimebaki dakika nne na sekunde kumi na mbili, kijana mmoja wa Wauguzi alimpokonya Mlezi mpira. Kitendo hicho si faulo. Nilikagua kitabu mara mbili. Kijana aliitwa Shukrani Malendeka, muuguzi wa wodi ya wazazi, ana miaka ishirini na minne. Alikimbia peke yake hadi kwenye ringi, akafunga, akageuka kurudi akitembea. Mpira ulikuwa tayari upande mwingine, mikononi mwa mtu mwingine. Mlezi hakuweza kumkimbiza alipokuwa anakwenda, basi alimsubiri anaporudi.

Kiwiko kilimpata kwenye taya. Mimi nilikuwa mita sita kutoka pale na nilisikia mfupa. Shukrani alianguka kwa magoti kwanza, kisha kwa mikono, na damu ikaanza kudondoka juu ya bendera iliyochorwa katikati ya uwanja, jambo ambalo baadaye lilifunguliwa mashtaka yake tofauti.

Sikudhani aliinua mikono miwili juu ya kichwa. Niliiona ile mikono ikianza kukunja ngumi, zote mbili, ishara ambayo katika miaka yangu yote nimeiona mara tatu: faulo ya kufukuzwa. Halafu nikaiona ikisita. Mkono mmoja ukashuka ukashika kifundo cha mwingine.

"Namba moja," aliniambia. "Isiyo ya kimichezo. Ya nne."

*

Dokta Pangu alishuka jukwaani mbio, simu sikioni. Alichukua kipaza sauti akatangaza kuwa mchezo haujaisha wala haujaahirishwa. Umesimama kwa muda ili Bunge likutane.

Bunge lilikutana kwa siku kumi na moja.

Kwa kuwa mchezo ulikuwa bado unaendelea kisheria, hakuna mchezaji aliyeruhusiwa kuondoka ukumbini, isipokuwa Mlezi, aliyehesabiwa kuwa yuko uwanjani popote alipo. Wauguzi wakalala kwenye benchi na chini ya majukwaa. Taya la Shukrani lilifungwa bendeji na wenzake, akanyweshwa uji kwa mrija. Hospitali kuu ikabaki bila wauguzi, na serikali, ambayo haijawahi kumtupa mgonjwa, ikawaleta wagonjwa kwa wauguzi. Vitanda vilipangwa kuanzia mstari wa pembeni hadi kwenye mlango wa choo. Drip zilining'inizwa kwenye nyavu za ringi ya kusini. Siku ya nne mama mmoja alijifungulia pale chini ya ringi, Shukrani akimshika mkono na kumwelekeza kwa vidole kwa sababu hawezi kusema, na mtoto akaandikishwa kama mtazamaji. Siku ya saba wazee wawili walikufa kwa kukosa dawa. Taarifa rasmi ilisema wameondoka kabla ya mwisho wa mchezo.

Mwangalizi wa shirikisho aliandika kuwa mwitikio wa wananchi ni mkubwa.

Huku nyuma ikaundwa Tume ya Kuainisha Faulo, chini ya jaji mstaafu ambaye aliapa mbele ya kamera kuwa hajawahi kuutazama mchezo huu na kwa hiyo hana upendeleo. Tume ilikusanya maoni ya makundi yote: wakuu wa mikoa, wake wa wakuu wa mikoa, na wazee waliochaguliwa na wakuu wa mikoa. Ikatoa kitabu kipya chenye kurasa mia mbili na kumi na nne. Nakumbuka aina chache. Kulikuwa na faulo ya kulea, yaani mguso wa mkubwa kwa mdogo kwa nia ya kumjenga, hiyo haihesabiwi. Kulikuwa na faulo ya kimaendeleo, ambayo humwongezea aliyeicheza pointi mbili. Kulikuwa na faulo ya kupokea, anayoicheza mtu anayeweka sehemu ya mwili wake mahali ambapo sehemu ya mwili wa kiongozi inatarajiwa kupita. Shukrani alipewa ya kupokea, kwa taya. Na faulo ya kufukuzwa ilifutwa kabisa, kwa maelezo kwamba katika nchi yetu hakuna anayefukuzwa.

Ukurasa wa mwisho ulisema kuwa kitabu cha zamani kimekufa, na makosa yaliyofanywa chini yake yamekufa nacho. Kwa hiyo kila mchezaji mwenye jezi namba moja anaanza kuhesabiwa upya. Wabunge walishangilia kwa dakika kumi na nane. Mmoja alizimia, akaletwa ukumbini kwetu kutibiwa, na hakukuwa na kitanda.

*

Siku ya kumi Sikudhani aliitwa ofisini kwa Dokta Pangu. Mimi niliitwa pia, nikiwa na karatasi yangu ya mchezo, ndiyo maana naweza kueleza. Safari hii chai haikuwapo.

Wakati huo redio ilikuwa imemtaja Sikudhani kwa majina yote isipokuwa lake. Nyumba yake ilikuwa imepakwa kinyesi mlangoni. Wanafunzi wake walikatazwa kumwamkia, na mume wake alikuwa amehamia kwa dada yake mpaka uchunguzi ukamilike.

"Mwalimu," Dokta Pangu alisema, "unajua unachunguzwa kwa kosa gani?"

"Sijaambiwa, Mheshimiwa Waziri."

"Kwa kutojua aina za faulo. Mtu mzima, mwenye beji, hujui kutofautisha."

"Zinatofautishwa kwa maswali," Sikudhani alisema, kwa sauti ileile anayofundishia, nami nilitamani anyamaze. "Swali la kwanza, je, wamegusana? Kama hawajagusana na mtu amekosa adabu, ni ya kiufundi. Kama wamegusana, nauliza mpira uko wapi. Kama aliyegusa alikuwa anautafuta mpira, ni ya kawaida. Kama hakuwa na habari na mpira, ni isiyo ya kimichezo. Na kama alitaka kuumiza, ni ya kufukuzwa. Hakuna swali linalouliza ni nani."

"Basi hapo ndipo palipo na upungufu!" Waziri alipiga meza. "Hilo ndilo swali la kwanza! Wewe ulianzia la pili!" Alivuta pumzi, akalainisha sauti. "Tunataka tukusaidie. Andika tu kwamba ile ya nne uliikosea."

"Kweli niliikosea."

Dokta Pangu alinigeukia mimi kwa furaha, kana kwamba mimi ndiye niliyefaulu. "Umesikia, Makwega? Andika!"

"Niliikosea," Sikudhani alirudia. Alikuwa anaangalia mikono yake mapajani. "Ilikuwa ya kufukuzwa. Mpira ulikuwa mita ishirini. Alimsubiri. Niliona, na nikaogopa, nikaipunguza. Tangu siku ile nikifumba macho naiona mikono yangu inashuka. Naomba iandikwe hivyo, kwamba niliogopa."

Hakuna aliyeandika. Waziri alikuwa amebadilika rangi. Alisimama, akakizunguka kiti cha Sikudhani taratibu, akainama mpaka mdomo ukakaribia sikio lake.

"Mama," alisema, "yule kijana wa taya yuko ukumbini kwangu. Ana taya moja zaidi, upande wa pili. Keshokutwa utaingia uwanjani na filimbi yako, shirikisho linataka kukuona pale na sisi tunataka kukuona pale. Utaipuliza mwanzo na mwisho. Katikati utakuwa unaimeza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Safi sana."

Tulipotoka nje nilimwambia, "Mwalimu, nakuomba. Mimi nina miaka mitatu tu kustaafu." Aliniangalia bila hasira, akasema pole. Alisema pole kwa dhati kabisa, na sijui kwa nini jambo hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

*

Siku ya kumi na mbili mchezo ukaendelea pale uliposimama. Vitanda vilisogezwa nyuma kwa hatua mbili ili mstari wa pembeni uonekane. Kwenye ubao, upande wa faulo za Mlezi, palisomeka sifuri. Wauguzi walikuwa wamekonda, na kwa kuwa walikuwa watano tu waliobaki na nguvu ya kusimama, Shukrani aliingia naye, kichwa kimezungushwa bendeji kama yai.

Sikudhani alipuliza kuanza. Dakika ya kwanza Mlezi alivuta jezi, filimbi ikakaa kimya. Dakika ya pili alikanyaga mguu kwa makusudi, ikakaa kimya. Dokta Pangu aliegemea kiti chake, akakunja nne. Watu wakaanza kupiga makofi pale palipopangwa.

Halafu Mlezi alimwona Shukrani akiwa amesimama mbele yake, mikono juu, kama mlinzi yeyote anavyopaswa kusimama. Nadhani ilikuwa ni ile mikono iliyomuudhi. Aliutupa mpira pembeni. Narudia kwa sababu mimi ndiye shahidi pekee mwenye kalamu: aliutupa mpira kwanza. Kisha akashika bendeji kwa mkono wa kushoto, akavuta kichwa cha kijana chini, akainua goti.

Filimbi ililia kabla mguu haujarudi sakafuni. Ilikuwa filimbi ndefu, mpaka wagonjwa waliolala wakaamka. Sikudhani aliinua ngumi mbili juu ya kichwa chake, na safari hii hazikushuka. Alitembea nazo hivyo hivyo uwanja mzima hadi mezani kwangu.

"Namba moja, Ngao. Ya kufukuzwa. Na ni ya tano."

"Mwalimu, kufukuzwa kumefutwa," nilimnong'oneza. "Sina pa kuandika."

"Andika pembeni."

Niliandika pembeni. Kisha nikainua kibao cha namba tano. Watu wananisifu kwa hilo, wengine wananilaani, na wote wanakosea: mkono wangu ulikuwa umekifanya kitendo kile kwa miaka ishirini na miwili na haukuniuliza.

Mlezi alikuja mpaka mbele ya Sikudhani. Alikuwa mrefu, ananuka jasho na marashi. Nilitegemea atapiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Nitoke niende wapi?"

"Chumba cha kubadilishia nguo, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Au nje ya jengo. Mchezaji huchagua."

"Hakuna nje."

"Una dakika moja."

Sikudhani alisimama na mpira kwapani, akaangalia saa yake ya mkononi kwa dakika nzima. Kisha akasema mbele ya kipaza sauti cha mezani, ambacho kwa uzembe wangu kilikuwa kimewashwa, kuwa timu iliyokataa kumtoa mchezaji aliyefukuzwa imepoteza mchezo, mshindi ni Wauguzi, na mchezo umekwisha. Akaweka mpira chini.

Wauguzi hawakushangilia. Walianza kusukuma vitanda kuelekea mlangoni. Askari wa mlangoni waliangaliana. Mmoja wao mama yake alikuwa kitanda cha tatu, akafungua. Watazamaji wa safu za karibu walisema wanakwenda kujisaidia. Wa safu za nyuma wakasema wanawasindikiza. Baada ya nusu saa ukumbi ulikuwa na viti elfu tisa vitupu, Mlezi katikati, Dokta Pangu kando, na mimi, ambaye sikuwa nimepewa ruhusa.

Sikudhani alikamatwa kwenye ngazi.

*

Sasa nchi ikawa na tatizo la kisheria. Mlezi akitoka ukumbini, atakuwa amekubali faulo ya tano. Asipotoka, mchezo unaendelea na hajafukuzwa. Basi hakutoka.

Alikaa uwanjani miezi kumi na tisa. Baraza la mawaziri lilikuwa linakutana kwenye benchi la akiba. Mabalozi walivua viatu wakawasilisha hati zao ndani ya duara la katikati. Kila asubuhi Mlezi alipiga mitupo huru, mawaziri wakimrudishia mpira, na kila jioni redio ilisoma matokeo. Nilipoacha kuhesabu, Ngao ya Taifa ilikuwa inaongoza kwa pointi elfu thelathini na moja dhidi ya pointi ishirini na tisa, na wasemaji walionya kuwa Wauguzi bado ni hatari. Mimi nilibaki mezani, kwa sababu mchezo hauwezi kuendelea bila meza. Chakula kililetwa. Paa lilivuja upande wa kaskazini, na Mlezi akahamia kusini.

Wauguzi walirudi wodini. Walinyang'anywa jezi, si kazi, kwa maana hakukuwa na wengine. Kesi ya Sikudhani ilichukua dakika arobaini. Hakimu alitaka kujua kosa lake ni la aina gani, mwendesha mashtaka akasema ni kupuliza filimbi kwa nia, naye Mwalimu akapewa kifungo cha miezi kumi na minne, akaitumikia yote akishona magunia, kisha akapelekwa kufundisha shule ya mpakani. Mume wake alimfuata huko baada ya miezi miwili. Nasikia Sikudhani alimkubali, ila alimwekea masharti.

Mwezi wa kumi na tisa, saa nne asubuhi, Mlezi alianguka akiwa kwenye mstari wa mitupo huru. Mpira ulidunda, ukabiringika, ukasimama. Yeye hakuinuka.

Daktari alikimbia akaishia kwenye mstari wa pembeni, kwa sababu kitabu kipya, ukurasa wa tisa, kilisema atakayeingia uwanjani bila filimbi ya mwamuzi ana hatia ya uhaini. Mwamuzi wa mchezo huo kwenye karatasi yangu alikuwa mmoja, na jina halibadilishwi mchezo ukiendelea. Helikopta ilipelekwa mpakani. Kwa saa tano tulisimama kuzunguka uwanja tukimtazama Mlezi akipumua.

Sikudhani aliingia na nguo za darasani, chaki kwenye vidole. Amezeeka. Dokta Pangu alimkimbilia akamshika mikono yote miwili.

"Mama yangu, Mwalimu wangu, puliza tu. Ya majeruhi. Iite chochote, sisi tutaandika, ila usiiite ya tano."

Alimpita. Alikwenda akapiga magoti kando ya Mlezi, na mzee akafungua macho. Midomo ilikuwa imepinda upande mmoja.

"Ngapi?" aliuliza Mlezi.

"Tano."

"Tangu lini?"

"Tangu robo ya tatu, Mheshimiwa."

"Hawakuniambia," alisema Mlezi, na sote mle ndani tukaangalia viatu vyetu, kwa sababu hao walikuwa ni sisi.

Sikudhani alipuliza. Wabeba machela waliingia, wakambeba, wakatoka naye kwa mlango mkubwa, na mlango ulikuwa umepata kutu hivyo ukahitaji watu wanne kuufungua. Alifariki njiani, nje ya uwanja.

Ndipo nilipomwona Dokta Pangu akivua koti lake. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi. Ndani alikuwa amevaa jezi ya Ngao, mpya, bado ina mikunjo ya dukani, namba moja mbele na nyuma. Aliingia uwanjani, akaokota mpira, akaudunda mara tatu kwa namna ya mtu ambaye amefanya mazoezi mbele ya kioo.

"Taifa haliwezi kusimama," alisema. "Tuendelee."

Mawaziri walipanga mstari kumrudishia mpira. Sikudhani alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama. Aligeuka akanitazama mimi, halafu yule mtu aliyeingia uwanjani bila kupita mezani kuomba mabadiliko. Akarudi kwa hatua zake fupi, akapuliza, akaweka kiganja kimoja juu ya vidole vya mkono mwingine.

"Ya kiufundi, Bwana Makwega," alisema. "Andika jina lake kamili."

Nilichukua karatasi safi, nikaandika jina la Dokta Pangu, na mbele yake nikaweka alama ya faulo ya kwanza.